Zamani ukitoa pasipoti ya Tanzania unakaribishwa, siku hizi unaulizwa maswali. Tumepotelea wapi?

#1 Mchuuzi wa Msimbazi

Wadau, habari za leo.

Nimerudi juzi kutoka Ulaya, nilikwenda kwenye maonyesho ya viungo na korosho. Nina kikampuni changu Gerezani, watu wanne na mashine moja ya kufungia pakiti. Kusafiri nimezoea. Foleni ilikuwa inatembea vizuri, mbele yangu Mghana, nyuma Wafilipino wawili. Nikafika dirishani, yule dada wa uhamiaji akafungua kitabu changu, akaniuliza nimekuja kufanya nini. Kawaida. Nitalala wapi. Kawaida. Halafu akauliza, "Intaneti kwenu imesharudi?"

Nikadhani ananitania, kumbe anataka kujua kweli. Nikamwambia imerudi zamani. Akagonga muhuri, akanitakia safari njema. Alikuwa mpole na ndiyo kilichoniuma, maana angenifokea ningemjibu.

Marehemu baba alikuwa karani kwenye shirika moja la umma. Mwaka 1982 walitumwa Harare watu watatu. Walipoingia baa jioni, mhudumu alivyosikia wanaongea Kiswahili akawauliza wametoka wapi, wakamwonyesha pasipoti, akaita wenzake wote wa jikoni waje kuwaona "watu wa Nyerere". Usiku ule hawakulipa bia hata moja. Hadithi hiyo tuliisikia kila sikukuu mpaka tukawa tunamalizia wenyewe.

Sasa nauliza. Kutoka "watu wa Nyerere" hadi "intaneti imesharudi?", katikati hapo kumetokea nini? Mimi naona ni uongozi tu. Karibuni, ila matusi hapana.

#2 Nakaa Paleee

Nakaa paleee na kahawa yangu nasubiri chawa waingie.

#3 Kipanga wa Kigamboni

Mkuu huna haja ya kuzunguka mbuyu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Mwenyekiti wa chama kikuu cha upinzani yuko mahabusu kwa kesi ya uhaini, chama chake kimezuiwa kushiriki, mgombea urais wa ACT naye ameenguliwa. Watu wakaingia barabarani, risasi zikalia, intaneti ikazimwa, sisi huku tukafungiwa ndani kwa amri ya kutotoka. Tarehe 1 Novemba tunatangaziwa Rais Samia kashinda kwa asilimia 97.66. Unataka dunia ikuulize nini, bei ya korosho?

Na msiniletee habari za mabeberu. Waangalizi wa SADC ndio waliotangulia kusema uchaguzi haukufikia viwango, wakafuata wa Umoja wa Afrika, ujumbe ulioongozwa na Masisi, rais mstaafu wa Botswana. SADC ambayo tuliizaa wenyewe!

#4 Mzalendo Asiyelala

Uzi wa kuichafua nchi huu. Nawauliza tu, nchi isiyoheshimika inapewaje haya:

Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, Oktoba 2023, Dkt. Tulia. Mkurugenzi wa WHO kanda ya Afrika, Profesa Janabi, 2025. Kiswahili kina siku yake UNESCO, tarehe 7 Julai, na Umoja wa Afrika wamekifanya lugha ya kazi 2022. AFCON 2027 inakuja hapa. Treni ya umeme inafika Dodoma. Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Watalii 2024 walipita milioni 2. Halafu mtu mmoja kaulizwa swali uwanja wa ndege anakuja kulia humu.

#5 Kinda la Mbagala

#4 umeingia dakika ngapi baada ya uzi kufunguliwa? Bando lenu linatoka ofisi gani na sisi tukaombe?

#6 Mhakiki

Nisahihishe kidogo #4. Nafasi ya WHO Afrika aliyeishinda kwanza ni Dkt. Ndugulile, Agosti 2024, akafariki Novemba mwaka huohuo kabla hajaanza kazi. Janabi akachaguliwa Mei 2025. Ndugulile alikuwa mbunge wa Kigamboni, #3 atakuwa anamkumbuka. Kumsahau mtu aliyeifungua njia si uzalendo.

Tena hoja yako haijamjibu mleta uzi. Yeye anazungumzia nchi kuheshimika, wewe unataja Watanzania kupata vyeo. Watu wetu hawajawahi kukosa vyeo. Tibaijuka aliongoza UN-Habitat, Migiro alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa UN kuanzia 2007.

#7 Kipanga wa Kigamboni

#6 namkumbuka sana, Mungu amrehemu. Asante.

#8 Mpima Kina

Mnaanza hesabu 2025 kama vile tulikuwa juu mpaka Oktoba tukaanguka ghafla. Mimi nadhani tulishuka kwa sababu kazi yetu iliisha.

Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, iliwekwa hapa Dar 1963. Frelimo ilizaliwa hapa Dar Juni 1962. ANC walikuwa na shule yao Mazimbu, Morogoro. Kila mpigania uhuru aliyekuwa na shida alipita Mtaa wa Nkrumah au alilala nyumba ya mtu Magomeni. Balozi za dunia nzima zilikuwa hapa kwa sababu hapa ndipo habari zilipokuwa. Mwaka 1994 Afrika Kusini ikawa huru, kamati ikafungwa mwaka huohuo. Siku ile sisi tulikuwa kama mkunga aliyemaliza kuzalisha kijiji kizima. Tulishukuriwa, tukapewa khanga, tukaambiwa karibu tena.

Hata angekuja malaika kuongoza baada ya hapo, umuhimu ule usingerudi. Tatizo ni kwamba hatukutafuta kazi nyingine.

#9 Kinda la Mbagala

Sisi wa miaka ya 2000 heshima hiyo tumeiona kwenye vibao vya barabara tu. Asubuhi nakwama Mandela, jioni nakwama Sam Nujoma, konda anapiga kelele "Mawasiliano, Mawasiliano". Ndiyo ukombozi ninaoujua.

Ila niliambiwa Mandela alitembea Afrika nzima na pasipoti ya Tanzania. Hapo kweli nasisimka.

#10 Mhakiki

Dogo, haikuwa pasipoti na haikuwa Tanzania. Ilikuwa mwanzoni mwa 1962, nchi bado Tanganyika. Mandela alitoroka kwao bila hati yoyote, akaingilia Mbeya, akafika Dar. Serikali ikampa karatasi inayomtambulisha na kusema ana ruhusa ya kutoka na kurudi Tanganyika. Kwa karatasi hiyo akaendelea na safari yake mpaka Ethiopia na kwingine.

#11 Kinda la Mbagala

Karatasi tu? Na ikapita? Mimi nina kitabu cha kielektroniki chenye chipu na nimenyimwa viza mara mbili 😂

#12 Dada wa Columbus

Kwa kuwa viza imetajwa. Naishi Marekani miaka tisa, nawaomba mtofautishe mambo.

Ile dhamana ya viza ya dola 5,000 hadi 15,000 kwa wanaokuja kutembea au biashara ilianza kwa Watanzania tarehe 23 Oktoba 2025. Angalieni kalenda. Ni siku sita KABLA ya uchaguzi. Sababu waliyoitoa ni watu wetu kuzidisha muda wa viza. Na kile kizuizi cha kuingia Marekani cha Desemba 16 kilikuwa cha nchi 15 kwa mpigo, tupo na Nigeria, Zambia, Malawi, Senegal na wengine, na hapo pia wakataja kuzidisha muda. Senegal walipokezana madaraka 2024 vizuri kabisa na wamo.

Mimi mwenyewe nimepokea hapa ndugu waliokuja kwenye mahafali. Mahafali yakaisha, nguo zikafuliwa, sanduku likarudi chini ya kitanda. Mmoja yupo mpaka leo, anaosha magari. Simlaumu, ana watoto wanasoma. Ila yule mchuuzi mwenye mashine yake Gerezani ndiye anayelipia sanduku lile.

#13 Mzalendo Asiyelala

#12 Ahsante dada. Mmesikia wenyewe.

#14 Dada wa Columbus

#13 usinishike mkono, sijamaliza. Watu wanazidisha muda kwa sababu gani? Nani anayeacha nyumba yake nzuri akaoshe magari kwenye theluji?

#15 Kipanga wa Kigamboni

#12 uko sahihi kwenye tarehe, nakubali, mimi mwenyewe nilikuwa nachanganya. Lakini usisahau tarehe 4 Desemba serikali yao ilitoa tamko kwamba inapitia upya uhusiano wote na Tanzania, na humo wakataja ukatili dhidi ya raia. Hilo halikuwa la nchi 15, lilikuwa letu peke yetu.

Na Desemba 9 je? Sikukuu ya Uhuru wenyewe serikali imefuta sherehe. Nilitoka saa nne asubuhi kwenda kununua mkate, kutoka kwangu hadi feri nilihesabu watu kumi na mmoja, saba wana sare. Kuna mbwa alikuwa amelala katikati ya barabara ya lami, hana wasiwasi kabisa. Hiyo picha haijaenda kokote, niliiona mimi tu, lakini nchi inayoogopa siku yake ya kuzaliwa itaheshimiwa na nani?

#16 Suka Mstaafu

Salaam wanangu. Nimesoma, na mimi niseme kidogo.

Nimeendesha magari ya serikali kuanzia 1976 hadi nilipostaafu. Wageni niliowachukua uwanja wa ndege siwezi kuwataja hapa, lakini wapo waliokuja kuwa marais. Walikuwa wanashuka na begi moja, viatu vimeisha soli. Tulikuwa tunawapeleka hotelini, au nyumba ambazo hatukutakiwa kuuliza ni za nani.

Heshima ilikuwepo, sibishi. Lakini mleta uzi, muulize mama yako, siyo baba yako. Mwaka 1982 huohuo baba ananyweshwa bia Harare, mama alikuwa kwenye foleni ya duka la kaya. Mimi nilikuwa namshusha mgeni Kilimanjaro, anakwenda kuoga kwa sabuni ya hoteli, narudi nyumbani Temeke mke wangu anafua nguo kwa majani ya mpapai. Siku moja mgeni mmoja aliacha kipande cha sabuni kwenye kiti cha nyuma, kimefungwa kwenye karatasi. Sijui alisahau au alikusudia. Nilikiweka mfukoni, nikasikia aibu njia nzima. Kile kipande tulikikata kwa uzi mara nne.

#17 Mchuuzi wa Msimbazi

Shikamoo mzee. Umenigusa. Mama bado yupo, nitamuuliza leo.

#18 Suka Mstaafu

Marahaba. Msalimie.

#19 Nakaa Paleee

Kahawa imeniganda mdomoni hapo kwenye sabuni.

#20 Mtoto wa Wete

Nyie wa Dar mnazungumza kama hii nchi ina mji mmoja. Kwetu Pemba hatukungoja 2025. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu walitoka kuandamana wakapigwa risasi, na zaidi ya elfu mbili wakapanda vyombo usiku wakakimbilia Shimoni, Kenya. Nchi iliyokuwa inasifiwa dunia nzima kwa kupokea wakimbizi siku hiyo ikatoa wakimbizi wake. Mjomba wangu alikaa kule miezi, akarudi na radio na kikohozi.

Wakati ule mlisema hayo mambo ya Wapemba. Sasa yamefika Kigamboni ndo mnauliza tumepotelea wapi. Kwani mlikuwa hamuoni?

#21 Kipanga wa Kigamboni

#20 Sina ninachoweza kukujibu. 2001 nilikuwa darasa la tano, na nyumbani tuliambiwa ni fujo za huko visiwani.

#22 Mpima Kina

#20 kapiga penyewe. Na kwenye wakimbizi hapo ndipo jina letu lilipojengwa kweli, kuliko hotuba. Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja tu. Mwaka 2014 Warundi zaidi ya 160,000 wa 1972 wakapewa uraia. Sijui nchi nyingine iliyofanya hivyo kwa mkupuo.

#23 Mwanasheria wa Kata

Wote mnaongea siasa, mnaacha mikataba. Heshima ya nchi siku hizi inapimwa kwa kuangalia unaheshimu saini yako au la.

Agosti 2019 ndege yetu ya Airbus ilishikwa Johannesburg kwa deni la mkulima mmoja aliyetaifishiwa mali miaka ya themanini. Mahakama ikaiachia, Novemba nyingine ikashikwa Canada. Mwaka 2022 tena, Uholanzi, kesi ya mradi wa miwa Bagamoyo. Na zile leseni za nikeli tulizozifuta, 2023 baraza la usuluhishi likatupiga dola milioni 109, tukaenda kukaa nao tukamalizana kwa milioni 90 mwaka 2024. Sisi tunavunja mkataba kwa ngoma na vigelegele, halafu tunakwenda kulipa kimyakimya kwa mlango wa nyuma.

Na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ipo Arusha kwetu, sisi ndio wenyeji. Novemba 2019 tukaondoa ile ruhusa ya raia kwenda kushtaki moja kwa moja. Mwenye nyumba anamnyima mwanawe kiti kwenye sebule aliyowapa wageni.

#24 Kinda la Mbagala

Wakili wa vibandani kaamka leo. Mihuri unagonga shilingi ngapi?

#25 Mwanasheria wa Kata

Elfu tano, kwako elfu kumi.

#26 Mzalendo Asiyelala

#23 unasahau upande wa pili. Wale Barrick wa makinikia, mchanga wa dhahabu, 2017 tulikaa nao kibabe, mwisho wakatoa dola milioni 300 na asilimia 16 ya hisa, ikazaliwa kampuni ya Twiga. Ukinyenyekea kila saa utaibiwa. JPM, Magufuli, alijua hilo. Dunia ilituheshimu kwa kuogopa.

#27 Mhakiki

#26 bili ya kwanza ya kodi ilikuwa dola bilioni 190. Kutoka bilioni 190 hadi milioni 300, utaniambia nani alimwogopa nani. Ila hisa ni kweli tumezipata, hilo nakupa.

Na kwa kuwa mnapenda kusema wafadhili wametugeuka "siku hizi", hebu tazameni nyuma. Mwishoni mwa 1994, enzi za Mzee Ruksa, Mwinyi, wafadhili walizuia misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi. 2014, enzi za JK, Kikwete, wakazuia kwa sababu ya kashfa ya Escrow. Machi 2016 Wamarekani wa MCC, mfuko wao wa misaada, wakaondoa dola milioni 472 kwa uchaguzi wa marudio Zanzibar na sheria ya mitandao. 2018 Denmark wakashika zao, na Benki ya Dunia ikachelewesha mkopo wa elimu wa dola milioni 300. Kwa hiyo kila awamu imepigwa kibao chake.

Ila kuna mmoja ni tofauti. Desemba 1965 tulivunja wenyewe uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Umaskini tuliupata uleule, lakini ule tuliununua kwa jambo ambalo ungeweza kumweleza mtu baa ya Harare akakununulia bia.

#28 Mchuuzi wa Msimbazi

#27 hapo mwisho ndipo nilipokuwa nataka kufika nikashindwa kupaandika.

#29 Mpima Kina

Mnampamba Mwalimu sana lakini. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ni ya 1962, yake. Na alipomtoa Amin 1979, tulipofika kikao cha OAU Monrovia Numeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walimsema kwa kuvamia nchi ya mwenzake. Biafra aliitambua 1968, Afrika karibu yote ikamshangaa. Hakuwa mtu wa kupendwa na wote. Tofauti nadhani ni kwamba akisemwa alikuwa anajibu kwa hoja, ndefu, mpaka aliyemsema anachoka. Siku hizi tukisemwa tunajibu kwa "msituingilie".

#30 Jirani wa Namanga

Hamjambo Wabongo? Mimi ni Mkenya, nasoma tu nikicheka pole pole. Mei 2025 mlimrudisha Martha Karua kutoka Dar, waziri wa sheria wa zamani, wakili, alikuja tu kusikiliza ile kesi ya uhaini. Mama wa miaka hiyo ni tishio gani? Sisi huku tulikuwa tunawaheshimu, mlikuwa wale watu wapole wa "samahani" na "naomba". Siku hizi tunaambiana ukienda Dar nyamaza.

#31 Kinda la Mbagala

Karibu jirani. Nyie mlimpeleka Raila Addis Februari 2025 kugombea uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, na ndege nzima ya wabunge, mkarudi mikono mitupu, kiti kachukua Mdjibouti. Heshima yenu iko wapi?

#32 Jirani wa Namanga

Aaah hiyo umenipata. Na Juni 25 yetu ya 2024 pia sijasahau, bunge liliwaka moto na vijana wakafa. Sijakuja kujigamba. Hii ugonjwa ni ya mtaa wote.

#33 Nakaa Paleee

"Hii ugonjwa ni ya" 😂 Ndiyo maana Kiswahili kilizaliwa huku, kikafia njiani.

#34 Jirani wa Namanga

Na kikazikwa Nairobi, najua, tumesikia.

#35 Baba Twiga

Salaam. Mimi ni mwongoza watalii, naishi Tabata, kazi napigia Mikumi na kaskazini. Nawapa upande wa tumbo.

Nilikuwa na familia ya Kijerumani, watu watano, wafike Novemba 6. Advansi wameshatuma, magari nimeshalipia, hema nimeshalipia. Tarehe 29 mtandao ukakata. Sikuwa na namna ya kuwaambia chochote. Mtandao uliporudi simu ikaanza kutetemeka kama ina homa, jumbe zao arobaini na kitu zimeingia kwa pamoja. Nikazisoma kwa mpangilio. Ya kwanza, habari za leo. Ya nane, tunaona habari, uko salama? Ya ishirini, tafadhali tujibu hata neno moja. Za mwisho mtoto wao wa miaka tisa kaandika mwenyewe, anauliza twiga wako salama.

Walifuta. Nikawarudishia nusu, nusu nyingine ilikuwa imeshakwenda kwenye hema. Hawakugomba. Sasa #4 ananiambia watalii milioni 2. Mimi nawajua watano.

#36 Mzalendo Asiyelala

#35 pole kaka. Hilo sibishi, kuzima mtandao kuliumiza watu. Mimi naitetea nchi, sikusema kila kitu kilikuwa sawa.

#37 Kinda la Mbagala

Wadau piga picha bandiko #36 kabla hajalifuta.

#38 Mzee wa Tunduma

Nimechelewa, nilikuwa barabarani, napeleka mzigo Kolwezi. Nyie wa Dar mnapima heshima kwa Ulaya na Marekani. Njoo upime huku. Mkongo wa Lubumbashi anaijua Dar kuliko Kinshasa, kila kitu chake kinatoka bandarini kwetu, kuanzia fulana hadi tairi. Huyo swali lake kwangu ni moja, meli imeshusha lini?

Kilichotushusha huku siyo siasa, ni usumbufu. Leo mzigo unatoka siku nne, kesho wiki tatu. Leo tunafungia mahindi, kesho tunafungulia. Aprili 2025 tukafungia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, malori yakalala mpakani, ndani ya siku chache tukafungua. Mteja hasemi kitu. Anatafuta njia ya Beira kule Msumbiji, anatafuta Lobito kule Angola. Wakati sisi tunabishana nani anatuheshimu, reli ya Lobito inawekewa hela.

#39 Mpima Kina

#38 TAZARA nayo si Wachina wamerudi kuifufua? Kilomita 1,860, kutoka hapo Pugu Road mpaka Kapiri Mposhi. Hiyo ilikuwa diplomasia ya chuma. Na ilipatikana kwa sababu tuliwasimamia China UN wakati hawana mtu. Oktoba 1971 walivyopata kiti Nyerere alicheza ngoma palepale ukumbini.

#40 Mhakiki

Kwanza, mkataba wa reli ulikuwa umeshasainiwa na ujenzi umeanza 1970, kwa hiyo hauwezi kuwa malipo ya kura ya 1971. Pili, Nyerere hakuwepo. Aliyekuwa balozi wetu UN ni Salim Ahmed Salim, hajafika hata miaka thelathini, na habari ya kucheza inawahusu yeye na wenzake. Balozi wa Marekani hapo UN wakati ule alikuwa George Bush mkubwa. Mwaka 1981 Salim akagombea Ukatibu Mkuu wa UN, Bush ni Makamu wa Rais, Marekani ikampiga kura ya turufu raundi baada ya raundi, China nao wakimzuia Waldheim aliyekuwa anatetea kiti, mpaka akapita Pérez de Cuéllar wa Peru.

#41 Mtoto wa Wete

Na Salim ni mtoto wa Pemba, muandike na hilo.

#42 Mpima Kina

Nimekubali kwa Salim na kwa tarehe. Kumbe nilikuwa na ushahidi wa baa.

#43 Kinda la Mbagala

Yaani tulikuwa tunacheza mbele ya Mmarekani ukumbini na bado nchi ikaendelea kupewa chakula cha msaada? Wazee mlikuwa na roho.

#44 Suka Mstaafu

Unga wa njano ulikuwa unatoka hukohuko Marekani, mjukuu. Tuliucheka, tuliuita majina, na tuliula.

#45 Mchuuzi wa Msimbazi

Nimemuuliza mama. Kasema 1982 baba alirudi na hadithi ya bia na hakurudi na sabuni, na hilo hajamsamehe mpaka leo. Halafu kanyamaza kidogo, akasema lakini alipenda alivyokuwa anaisimulia, kwa sababu ndiyo ilikuwa zawadi pekee aliyoleta.

#46 Nakaa Paleee

Mama yako afungue akaunti humu.

#47 Kipanga wa Kigamboni

Mimi narudi palepale. Tume ya Jaji Chande ya kuchunguza vurugu za uchaguzi iliundwa Novemba 2025. Watu wanataka majina ya waliokufa na wamezikwa wapi, basi. Ukishamjibu mama wa Kigamboni, huyo dada wa uhamiaji hutakuwa na shida naye.

#48 Mwanasheria wa Kata

#47 tume ya rais si mahakama, lakini endelea.

#49 Baba Twiga

Wadau, nimepata ujumbe muda huu. Wale Wajerumani wangu wanataka kuja Julai. Ila wanauliza kama naweza kuwapokea Nairobi, niwaingize Serengeti kwa barabara, na niwarudishe Nairobi. Dar na Zanzibar wameziondoa kwenye ratiba. Wanataka bei kufikia Ijumaa.

#50 Jirani wa Namanga

Walete tuwalishe nyama choma kwanza 😄

#51 Mzee wa Tunduma

#49 chukua kazi. Ila kwenye bei weka siku moja ya ziada ya mpakani, na kibali cha gari uanze kukifuatilia sasa. Nani atakupa gari upande wa Nairobi, au unavuka na la kwako?

#52 Baba Twiga

La kwangu lina namba za huku, nitawasubiri Namanga. Yule mtoto ametimiza miaka kumi, kanitumia mchoro wa twiga. Kamchora na bendera yetu shingoni, rangi ya bluu kaikosea, kaweka zambarau.